Gayogayo, kisu na mfupa: kutoa minofu ya samaki bapa nyumbani bila kujiumiza

Mama yangu aliacha kula samaki alipofika miaka 70 na ushei. Hakuwa amemchoka. Macho yalikuwa yamepungua nguvu, na mwiba mmoja wa samaki aitwaye changu uliomkwama kooni ulimtia hofu iliyokataa kumtoka. Mtu aliyezaliwa pwani kukaa na wali wake na mchicha huku wenzake wanachambua samaki ni jambo zito kulitazama. Nikaamua kumtolea minofu, nyama tupu isiyo na mfupa hata mmoja. Nikanunua gayogayo, maana nyama yake ni nyeupe, laini, na haina shombo kali. Nikamlaza ubaoni, nikamshika vilevile ninavyomshika changu, nikaingiza kisu. Hazikupita dakika mbili nilikuwa nimekipasua kidole gumba cha mkono wa kushoto. Nilishonwa nyuzi tatu.

Kovu lipo hadi leo. Kwa muda mrefu nilikilaumu kisu, kisha nikailaumu haraka yangu. Baadaye nilielewa kwamba kilichonikata ni kutomjua samaki mwenyewe. Nilimkata kana kwamba amesimama wima, naye amelala ubavu. Mikono yangu ilikuwa inatafuta mgongo mahali ambapo mgongo haupo, na nguvu zote nikazielekeza kwenye mfupa ambao haukupaswa kukatwa kabisa.

Kwa hiyo kabla ya kufika kwenye kisu, tumtazame samaki.

Amelala ubavu

Gayogayo, ambaye wengine humwita wayo, jina linalomfaa kwa kuwa umbo lake ni la wayo wa mguu, yumo katika kundi kubwa la samaki bapa walioenea bahari zote. Watu wengi humchanganya na taa kwa sababu wote wawili hulala mchangani. Lakini taa amelalia tumbo. Mgongo wake uko juu, tumbo liko chini, na mwili wake hauna mifupa bali gegedu. Gayogayo ana mifupa kamili kama changu. Tofauti ni kwamba changu huogelea wima, naye gayogayo ameanguka upande mmoja na kubaki hivyo maisha yake yote.

Hazaliwi hivyo. Akianguliwa ni samaki kama samaki wengine, jicho kulia na jicho kushoto, anaogelea wima karibu na uso wa maji. Akiwa bado mdogo sana, jicho moja huanza kuhama. Hupanda polepole, huvuka kichwa na kutua karibu na mwenzake, na fuvu nalo hupinda kulifuata. Hapo ndipo anaposhuka chini na kulala mchangani, upande wenye macho ukiwa juu. Upande huo hugeuka rangi ya mchanga au ya majani yaliyokauka, na upande wa chini hubaki mweupe. Misri humwita samaki Musa, na masimulizi ya watu husema Nabii Musa alipoipasua bahari, samaki huyu alikuwa katikati, akapasuliwa nusu. Ukimgeuza na kuuona ule upande mweupe usio na jicho, unaelewa kwa nini watu walisimulia hivyo.

Sasa mlaze mezani umwangalie upya. Ule uwanja mpana unaouona juu ni ubavu. Mgongo wake halisi ni ukingo mmoja mwembamba, na ukingo wa pili ndio upande wa tumbo. Kingo zote mbili zina pezi refu linalokaribia kumzunguka. Tumbo lenyewe ni kidogo mno, limejikusanya nyuma ya kichwa tu. Akiwa jike mwenye mayai, utaona mifuko miwili ya mayai imejipenyeza kwenda nyuma kando ya mifupa.

Na uti wa mgongo? Unapita katikati ya uwanja ule, kutoka kichwani hadi mkiani. Chukua kuti la mnazi ulifikirie limelazwa chini: katikati upongoo, na pande zote mbili majani yametoka, yamenyooka, yamepangana. Mifupa ya gayogayo iko hivyo hivyo. Uti ndio upongoo, miba ndiyo majani, na vyote vimelala katika bapa moja. Nyama imekaa juu ya kuti hilo na chini yake: vipande viwili juu, kimoja kila upande wa upongoo, na viwili chini. Jumla minofu minne na kuti moja. Wajapani huita ukataji huu ukataji wa vipande vitano, kwa kuhesabu na mfupa.

Ukilielewa kuti, umeielewa kazi. Kisu kinaanzia kwenye upongoo na kutembea juu ya majani kuelekea nchani. Hakikati kuti popote. Ndiyo maana kazi hii haihitaji nguvu, na mahali usipotumia nguvu, kisu hakipati sababu ya kuteleza na kuurukia mkono wako.

Yupi wa kununua, na yupi wa kumwacha

Sokoni Feri, Dar es Salaam, au Darajani kule Unguja, gayogayo hamwagwi kwa mafungu kama dagaa. Hupatikana mmoja mmoja katikati ya samaki mchanganyiko wa wavuvi. Anayefaa kujifunzia ni yule mwenye mdomo mkubwa na meno makali, ambaye pezi lake la mgongoni halifiki kichwani. Mnene kiasi, anafika zaidi ya nusu mita, na mifupa yake inaonekana vizuri. Kwa samaki bapa wengi, kila jamii ina upande wake, wengine macho kushoto na wengine kulia, lakini huyu unaweza kumkuta ama hivi ama hivi, basi usishangae. Usimtie kidole mdomoni unapombeba, na tahadhari na miba ya mbele ya pezi lake la mgongoni.

Wa kilo moja anatosha. Mimi kwa kilo hiyo sipati zaidi ya gramu 400 za minofu iliyochunwa, na hilo si hasara ukijua la kufanya na mifupa.

Yuko mmoja ambaye mimi humwachia muuzaji. Ni bapa, wa kahawia, ana mabaka ya mviringo, na hana kabisa mapezi ya kifuani. Mashinani mwa mapezi yake ya ukingoni mna vitundu vinavyotoa maji meupe kama maziwa. Maji hayo yana sumu. Mtaalamu wa samaki wa Marekani Eugenie Clark aliyachunguza katika Bahari ya Shamu miaka ya 1970 akaona kwamba papa waliojaribu kumuuma samaki huyu walishindwa kufunga mdomo, wakamwachia. Samaki huyo anaishi magharibi mwa Bahari ya Hindi pia. Ukimkuta kwenye ndoo yako, usimshike kisha ukajifuta macho.

Dalili za usafi ni zilezile za samaki wote: matamvua mekundu, macho yaliyojaa, nyama inayorudi ukiibonyeza, harufu ya bahari na si ya uvundo. Kwa gayogayo ongeza moja: ute. Ute wa samaki mbichi huwa mwangavu. Ukiwa na rangi ya ukungu au umegeuka njano, mrudishe alipokuwa.

Meza kabla ya kisu

Ute huohuo ndio adui wa kwanza wa vidole vyako. Para magamba, msuuze samaki kwa maji baridi, kisha mkaushe kwa kitambaa mpaka akae ubaoni bila kuteleza. Kausha mikono na mpini wa kisu pia. Chini ya ubao weka kitambaa kilicholowa na kukamuliwa, usukume ubao kwa nguvu. Ukisogea hata kidogo, tengeneza upya. Kabla ya yote kata mapezi ya kingo kwa mkasi. Watu huliruka hili, nami siliruki kamwe, kwa sababu kidole kinachochomwa na mwiba hushtuka, na mkono ulioshtuka hauchagui mahali pa kwenda.

Kisu kiwe chembamba, cha sentimita 15 hadi 18, chenye bapa linalopinda kidogo ukilisukuma. Kile kipana cha kukatia nyama ya ng'ombe hakifai, hakiwezi kulala juu ya miba. Na kiwe kikali. Najua wengi wanaona kisu butu ndicho salama, lakini kisu butu hudai nguvu, na ajali hukaa kwenye nguvu. Kinoe kwenye jiwe, kisha kijaribu kwenye karatasi, kikipita bila kuichana ovyo kiko tayari. Kama unaweza kupata glovu zisizokatika, zile wanazovaa wachinjaji na wafanyakazi wa viwanda vya samaki, vaa moja kwenye mkono usioshika kisu. Usipopata, kitambaa kinene kilichokunjwa kinasaidia kumgandamiza samaki kichwani.

Mkato wenyewe

Niliyejifunza kwake ni mzee mmoja mpara samaki sokoni. Nilikwenda na bandeji yangu bado kidoleni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kidole kimefanya nini?"

Nikamweleza. Hakunicheka. Alichukua gayogayo kwenye beseni la mteja, akamlaza mbele yangu.

"Macho peke yake hayatoshi," alisema. "Sikiliza. Kisu kikipita juu ya miba kinakwaruza, krr, krr, krr. Kikinyamaza, kimepanda juu kwenye nyama, utamwachia mfupa chakula. Kikikwama na ukasikia kah, umeingia kwenye mfupa. Kitoe uanze tena."

"Na mkono wa kushoto, mzee?"

"Kazi yake kufunua tu. Mkono wa kushoto haukai mbele ya kisu hata siku moja."

Nimekata kwa kusikiliza tangu siku ile, na sijui njia nyingine iliyo bora.

Mlaze samaki upande wa macho ukiwa juu, kichwa kushoto kwako na mkia kulia. Anayetumia mkono wa kushoto ageuze. Mkono wa kushoto, juu ya kitambaa, ugandamize kichwa. Kata kwa ncha nyuma ya kichwa kwa mviringo, ukifuata ukingo wa kifuniko cha matamvua, mpaka uguse mfupa. Ukigusa, simama. Kichwa kinabaki mahali pake. Hapa ndipo mimi nilipojikata, nikijaribu kukikata kwanza.

Sasa tafuta upongoo. Pitisha kidole juu ya ngozi katikati ya samaki, utasikia tuta jembamba likienda mkiani. Kuna mstari kwenye ngozi unaoonekana kama alama yake, ila kwa aina fulani mstari huo hupinda juu karibu na kichwa, basi amini kidole kuliko mstari. Pasua kutoka nyuma ya kichwa hadi mkiani juu ya tuta hilo, taratibu, hadi ncha iguse uti. Kisu kinatoka kwenye mkono uliogandamiza na kwenda mbali nao.

Umepata mpasuko mmoja katikati. Anza na mnofu ulio mbali nawe. Ingiza ncha ndani ya mpasuko karibu na kichwa, laza kisu mpaka bapa lake likaribie kugusa miba, makali yakitazama upande wa pili wa meza. Vuta kwa mikato mirefu na myepesi kutoka kichwani kwenda mkiani. Si kusukumasukuma kama unakata mkate. Mkato wa kwanza unafungua sentimita moja tu. Mkono wa kushoto unashika ukingo wa nyama iliyofunguka na kuiinua kama mtu anayefunua ukurasa, na hapo utaiona miba imelala, myeupe, imepangana kama meno ya chanuo. Mkato wa pili unaingia ndani zaidi, wa tatu unafika ukingoni. Sauti ile ya kukwaruza isikatike. Ukifika mapezi yalipokuwa, kata ngozi, mnofu wa kwanza umetoka.

Wa pili uko karibu nawe, na hapa kishawishi ni kugeuza kisu ukakata kuelekea tumboni mwako. Usifanye hivyo. Geuza samaki, si kisu. Mzungushe mpaka upande uliobaki uwe mbali nawe, kisha rudia kazi ileile, safari hii ukianzia mkiani. Moja kati ya minofu miwili itapita juu ya tumbo. Hapo inua bapa kidogo, lipite juu ya utumbo bila kuupasua. Nyongo ikipasuka, osha mara moja, vinginevyo uchungu utabaki kwenye nyama.

Mpindue. Upande mweupe una nyama nyembamba zaidi na sasa samaki hana mto wa kulalia, anayumba. Mkunjie taulo chini yake. Minofu miwili ya chini hutoka kwa njia ileile, ila kwa mkono mwepesi zaidi.

Wapo wanaotoa mnofu mmoja mzima kila upande, kisu kikiingia kutoka ukingo mmoja, kikivuka uti na kutokea ukingo wa pili. Unapendeza sahanini. Lakini kuvuka uti ni kama kuvuka tuta: kisu hupanda na kushuka, na mtu asiyekizoea hukilazimisha. Iache njia hiyo mpaka uwe umeshakata samaki kadhaa kwa njia ya minne.

Kuchuna ngozi ni kazi ya dakika moja kwa kila mnofu. Weka ngozi chini, ncha nyembamba upande wa kushoto, shika ncha hiyo kwa chumvi kidogo vidoleni ili isiteleze. Kata hadi ugusane na ngozi, inamisha makali kidogo kuelekea ubaoni, kisha kisu kitulie na ngozi ndiyo ivutwe, ikichezeshwa kushoto na kulia. Kisu kinakwenda mbali na vidole, muda wote. Mwisho papasa kila mnofu kwa ncha za vidole. Mwiba uliobaki utauhisi kabla ya kuuona, utoe kwa kibanio. Kwa mama, mimi hupapasa mara mbili.

Mnofu uende kwenye friji palepale, nyuzi 4 au chini ya hapo. Kwenye joto la jiko la pwani usimwache nje zaidi ya saa moja. Ubao na kisu vioshwe kwa sabuni kabla kachumbari haijakatwa hapo, na kisu kisiachwe ndani ya beseni la povu ambamo mtu mwingine atatia mkono bila kukiona. Samaki wa bahari anaweza kuwa na minyoo midogo, kwa hiyo mpike mpaka nyama igeuke nyeupe kabisa na kuachana ukiigusa kwa uma. Mwenye kipimajoto atafute nyuzi 63 katikati.

Ukijikata

Nalisema hili kwa uzito kwa kuwa watu hulidharau. Jeraha la kisu cha samaki na hata tundu dogo la mwiba si sawa na kujikata na kisu cha mkate. Maji ya bahari yenye joto na ute wa samaki hubeba bakteria, wakiwemo wa jamii ya Vibrio, ambao kwa mwenye kisukari au ugonjwa wa ini wanaweza kuleta hatari kubwa kwa muda wa saa chache. Yupo bakteria mwingine anayewapata hasa wanaoshika samaki na nyama, ambaye huufanya mkono uvimbe kwa wekundu wa zambarau unaouma na kutambaa.

Osha kwa maji safi yanayotiririka na sabuni. Kandamiza kwa kitambaa safi dakika 10 bila kufunua kuchungulia, mkono ukiwa juu. Damu isipokoma, kidole kikifa ganzi au kisipokunjika, nenda hospitali siku hiyohiyo, maana huenda mshipa wa fahamu au kano imekatika. Wekundu ukianza kusambaa, au homa ikaja, usisubiri asubuhi. Na umwambie daktari kwamba ulikuwa unakata samaki wa bahari, kwa sababu dawa atakayochagua inategemea hilo. Uliza pia kuhusu chanjo ya pepopunda kama hukumbuki ya mwisho ulichoma lini.

Kuti lililobaki

Kanda ya Ziwa, ambako minofu ya sangara hupelekwa nje ya nchi, mifupa inayobaki ina jina lake: Mwanza ni mapanki, Kisumu ni mgongo wazi, na kuna familia nyingi zilizolelewa kwa hayo. Mfupa wa gayogayo nao usitupwe. Ni mwembamba, hauna mafuta mengi, na hutoa supu nyeupe isiyo na shombo. Wapishi wa Ufaransa huutafuta kwa sababu hiyohiyo. Toa matamvua na mabaki ya utumbo, osha damu iliyoganda kando ya uti, uvunje vipande viwili utoshe sufuriani. Weka maji baridi yaufunike, kitunguu maji, tangawizi iliyopondwa, pilipili manga nzima. Ikianza kuchemka punguza moto, engua povu, na uache dakika 20. Zaidi ya hapo mfupa huanza kutoa uchungu. Chuja kwa kitambaa, si kwa chujio la chai, kwani miba midogo hupita. Rudisha jikoni, tia chumvi na minofu miwili iliyokatwa vipande, dakika 3 zinatosha. Ndimu ikamuliwe moto ukishazimwa.